Mkono wa Mama Pasi na Godoro Lenye Kumbukumbu

Meza ya dirishani katika duka la dobi ilikuwa ya Mama Pasi, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyethubutu kuweka hata kikombe cha chai juu yake. Hapo ndipo zilipopelekwa nguo zenye maringo: magauni ya harusi, majoho ya wanakwaya, sketi za marinda, na mashati meupe ya watu wenye jasho kidogo na amri nyingi. Nguo za kawaida zilikwenda kwenye meza nyingine. Mama Pasi aliitazama nguo mara moja, akainyunyizia maji kwa vidole, akaisikiliza pasi inavyosema chwii, kisha mkono wake wa kulia ukaenda na kurudi taratibu kama wa mama anayembembeleza mtoto mgongoni.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani na kwenye daftari la nyumba ya ibada. Dukani kila mtu alimwita Mama Pasi, isipokuwa Bosi, ambaye kwa miaka yote ishirini na miwili alimwita "wewe mama".

Basi mkono huo wa kulia ukaanza kumgeuka. Tangu utoto alilala ubavu wa kulia, na godoro lao la sponji lilikuwa limechoka hata likafanya bonde katikati ambalo yeye na mumewe waliporomokea kila usiku, watake wasitake. Asubuhi mwili uliamka, mkono ukabaki umelala. Alipotaka kusali sala ya alfajiri ilibidi auinue mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama anayemsaidia mgonjwa kukaa. Ganzi ikamtoka saa tatu, saa nne, wakati pasi imeshapata moto zamani. Siku moja vidole vikasahau kazi yao kidogo tu, pasi ikakawia, na kola ya shati la bwana harusi ikapata alama ya rangi ya chai.

Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wewe mama," alisema kwa huruma nyingi, "nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mkono ukiendelea hivi, utakaa pale mbele upokee nguo, uandike tiketi. Meza tumwachie mwenzako."

Kuandika tiketi! Mama Pasi aliwahi kunyoosha gauni lenye mkia wa kutoka mlangoni hadi uani bila kuacha mkunjo hata mmoja. Leo aketi kwenye kiti cha plastiki aandike "suruali mbili, shati moja"? Alikwenda zahanati. Daktari akamgeuzageuza bega, akamwambia hana ugonjwa, ila bega linabanwa usiku kucha. Abadilishe anavyolala au anacholalia. Kulala ubavu wa kushoto alijaribu, akaanza kushoto na kuamka kulia, kila siku. Ikabaki anacholalia.

Sasa hapo ndipo alipoingia wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikaa mlango wa tatu kutoka kwao na alikuwa karani wa ofisi. Alikuwa mtu wa kununua kitu mara moja na kukitangaza mara mia. Mwaka uliopita alinunua godoro la mtindo mpya, wanaliita memori, yaani lenye kumbukumbu, na tangu hapo hakuna maongezi aliyoingia bila godoro hilo kuingia naye. Watu wakizungumzia mvua, yeye godoro. Wakizungumzia msiba, yeye laiti marehemu angepata godoro kama lake.

"Wifi, tatizo lako si mkono," alimwambia Mama Pasi. "Tatizo lako unalalia kitu kisicho na akili."

"Siku hizi godoro nalo linakwenda shule?"

"Cheka tu. La kwangu lina kumbukumbu. Linaujua mwili wangu wote."

"Haya! Basi usije ukaligombeza, wifi, litatutangazia."

Mumewe Mama Pasi, fundi wa kufuli, alikohoa ili asicheke mbele ya dada yake. Lakini jioni ile ile, alipomwona mkewe akifunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja, alisema, "Mama watoto, twende tukalione. Kuangalia si kununua."

Walikwenda Jumamosi. Duka lilikuwa na zulia, na muuzaji alikuwa na tai na sauti laini ya mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Kila mteja alimwita "mpendwa". Aliukandamiza mkono wake kwenye kipande cha godoro, akauondoa, na alama ya vidole vitano ikabaki pale, ikajaa taratibu, ikatoweka.

"Umeona, mpendwa? Limeukumbuka mkono wangu."

Mama Pasi akainama kuangalia. "Mbona limeshausahau?"

Muuzaji akacheka kwa adabu, akaendelea. "Samahani, mama na mzee, mnalalaje?"

Mama Pasi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama feni ya darini. Nyuma yao kulikuwa na watu wawili wakichagua mito, nao wakaacha kuchagua.

"Tunalala kwa amani, tunamshukuru Mungu," alisema Mama Pasi kwa ukavu.

"Namaanisha chali, ubavu, au kifudifudi?"

"Mimi kifudifudi," alisema fundi, mtu wa mwili wa kujaza mlango, kwa sauti ya anayeungama.

"Linafaa kabisa!"

"Mimi ubavu," alisema mkewe.

"Linafaa kabisa!"

"Na anayelala amesimama?" aliuliza Mama Pasi.

"Mpendwa, hili linamfaa kila mtu."

Mama Pasi alimnong'oneza mumewe, "Shati linalomfaa kila mtu mimi sijawahi kulipiga pasi." Hata hivyo akapanda kulijaribu, mkoba kifuani, viatu vikiwa nje ya ukingo, sketi ameibana kwa magoti, macho kwenye feni. Muuzaji alimwachia dakika moja akiangalia saa yake.

"Unajisikiaje?"

"Dakika moja hata juu ya meza ya pasi nitajisikia vizuri, mwanangu. Nimesimama tangu asubuhi."

Bei ya godoro zima iliwashinda. Walichukua lile jembamba la kutandika juu ya godoro lako la zamani, unene wa vidole vinne, ambalo muuzaji aliliita topa. Wakati wa kuwafungia alisema wana siku thelathini. Wakiona haliwafai walirudishe, mradi liwe safi kama lilivyotoka dukani.

Neno hilo dogo, safi kama lilivyotoka, ndilo lililoleta mambo yote yaliyofuata. Maana Wifi alikuwa amesimama mlangoni kwao topa lilipofika, mikono kiunoni, tayari kutoa maelekezo kwa mali ya watu.

"Nailoni msiitoe!" alipiga kelele. "Kasema safi kama lilivyotoka. Lilitoka na nini? Na nailoni. Mkiitoa tu, limekuwa lenu."

"Lakini tutalilalia vipi na nailoni?" aliuliza fundi.

"Kaka, tandika shuka juu. La kwangu mwaka mzima lina nailoni yake, na mtu akija chumbani anajua amekuta kitu kipya."

Mama Pasi, mwanamke wa kushika sana neno aliloambiwa, aliona kuna hekima hapo. Akatandika shuka juu ya nailoni. Akasali, akamwomba Mwenyezi Mungu aubariki mkono wake, akajilaza.

Kwara, kwara, kwara.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa ya vituko. Akigeuka yeye, kwara. Akigeuka mumewe, kwara-kwara, kama gunia la karatasi linaloburutwa. Shuka liliteleza likajikusanya miguuni. Wakaamka wamelowa jasho, mgongo umenatana na nguo ya kulalia, nguo imenatana na shuka. Jirani wa ukutani, mama mpole asiyeingilia mambo ya watu, alimuuliza uani kwa sauti ya chini kama siku hizi wanakula biskuti kitandani. Na mkono? Mkono ulikuwa vile vile, umelala fofofo. Ila sasa ulilala kwenye joto.

"Godoro la kumbukumbu!" Mama Pasi alimwambia mumewe wakinywa chai. "Linachokumbuka hili ni jua la mchana."

Wifi alipoelezwa hakuyumba. "Linahitaji muda, wifi. Bado halijakuzoea. Lazima likujue kwanza."

"Kwani linataka kunioa?"

"Dharau zako ndizo zitakazokuweka kwenye kiti cha tiketi."

Maneno hayo yalimchoma kwelikweli, maana yalikuwa ya kweli. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tano. Siku mbili baadaye alimpelekea Wifi shuka zake alizomnyooshea, akamkuta anaoga. Akaingia kuziweka chumbani. Godoro maarufu lilikuwa pale, limetandikwa vizuri, linang'aa pembeni kwa nailoni yake ya mwaka mzima, hakuna hata mkunjo mmoja. Mtu aliyenyoosha vitambaa maisha yake yote anajua kitambaa kilicholaliwa. Hiki hakikulaliwa jana wala juzi. Akarudi sebuleni. Kwenye kochi kulikuwa na mto wenye shimo la kichwa, na khanga iliyokunjwa mara mbili.

"Nilipitiwa tu na usingizi nikiangalia televisheni," alisema Wifi akitoka bafuni, kabla hajaulizwa lolote.

"Hata mimi hupitiwa," alijibu Mama Pasi kwa upole. Mungu alimzuia ulimi, na haikuwa kazi ndogo. Njiani aliirudia picha ya lile kochi mara tatu, na mara zote tatu akatabasamu, na mara ya tatu akaomba msamaha.

Lakini kucheka hakukumletea mkono. Kesho yake alisimama mezani mwake akipiga pasi kwa kushoto, polepole, huku Bosi akipita nyuma yake na kitabu cha tiketi kwapani kama mtu anayepitisha harufu ya chakula mbele ya mwenye njaa. Ndipo akaja mzee mmoja na suti nyeusi iliyojaa madoa ya ukungu, meupe, kama ametemewa mate.

"Sielewi," alilalamika mzee. "Suti hii naitunza kuliko macho yangu. Tangu mwaka jana mlivyonipa hapa sijaitoa hata kwenye nailoni!"

Mama Pasi akatoa ule mguno wake wa dharau aliowawekea wateja wa namna hiyo, akasema maneno aliyoyasema miaka ishirini na miwili, pengine mara mbili kwa wiki.

"Ndiyo sababu, mzee wangu. Nailoni ni ya kuifikisha nguo nyumbani, si ya kuishi nayo. Ukifika unaitoa. Nguo inataka kupumua. Sasa umeifungia na joto lake na unyevu wake, halafu unashangaa? Nani aliyekudanganya uiache kwenye—"

Pasi ikabaki hewani inatoa mvuke.

"Mama, kuna nini?" aliuliza mzee.

"Hakuna, mzee," alisema Mama Pasi akiiweka pasi chini. "Nimejisikiliza nikisema."

Miaka yote hiyo alikuwa akingoja wateja wa aina hiyo watoke mlangoni, halafu anawacheka na wenzake mpaka machozi. Watu wazima, wenye suti, wasiojua kuivua nguo mfuko wake! Na yeye mwenyewe alikuwa akilala ndani ya mfuko, siku ya kumi na saba, pamoja na mumewe. Dharau yote aliyowagawia watu ilimrudia siku hiyo ikiwa kamili, haikupungua hata kidogo.

Alifika nyumbani hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Akachukua mkasi. Wifi, aliyekuja kuazima chumvi, akaona mkasi na kitanda kimevuliwa shuka, akajitupa mlangoni.

"Wifi! Usithubutu! Hawatalipokea tena!"

"Wasilipokee."

"Zimebaki siku kumi na tatu!"

"Nikiliacha hivi, nitarudisha kitu ambacho sijawahi kukilalia. Mimi nimelalia mfuko, wifi." Akaingiza mkasi, akakata kutoka kichwani hadi miguuni, mwendo mmoja ulionyooka, wa mtu wa kazi. Nailoni ikaanguka chini kama ngozi ya kitunguu. Harufu ikawapiga usoni, ya rangi mpya na viatu vipya. "Ona! Hata lenyewe lilikuwa linakufa humo."

Wifi akatoka, akasahau na chumvi.

Walilisimamisha topa ukutani siku mbili, madirisha wazi, mpaka harufu ikatoka. Kisha wakalitandika, na Mama Pasi akalala akiwa na matumaini makubwa. Likazama lote kwenye bonde lile lile la godoro la zamani, na wao ndani yake.

"Tumelinunulia bonde blanketi," alisema mumewe asubuhi.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mama Pasi alikaa ukingoni mwa kitanda, akafikiri kwa akili ya mezani kwake. Meza ya pasi ikiwa imepinda, ukiongeza kitambaa juu yake, nguo itapinda tu. Kilicho laini hakinyooshi kilicho chini yake. Katika chumba alichokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa kulikuwa na godoro gumu la sponji, halijabonyea, watu waliliona bovu kwa sababu ya ugumu wake. Wakalileta, wakatoa la bonde, wakaweka topa juu ya lile gumu.

Asubuhi iliyofuata Mama Pasi alifumbua macho akiwa ubavu wa kulia kama kawaida. Bega lilikuwa limeingia kwenye topa kiasi chake, kama kidole kwenye unga. Akavitikisa vidole vya kulia. Vyote vitano vikaitika. Akavitikisa tena, kwa mashaka, maana hakutaka kumpa yule muuzaji mwenye tai furaha hata kwa mbali. Kisha akainuka kusali, na mikono miwili ikapanda pamoja, na alikaa katika sala hiyo muda mrefu kuliko siku zote.

Aliporudi akamkuta mumewe amekaa kitandani, ameshika kiuno.

"Mimi linanimeza," alisema fundi. "Tumbo linaingia, mgongo unapinda. Nikitaka kugeuka ni kama niko kwenye ugali wa moto. Hili linanikumbuka vibaya, mama watoto."

"Na alisema linamfaa kila mtu!"

"Alisema 'mpendwa'. Labda mimi si mpendwa."

Wakacheka mpaka kitanda kikatikisika. Walijaribu siku nne zaidi, kwa haki, na ikawa vile vile: yeye mkono mzima, mume kiuno kibovu. Siku ya tano Mama Pasi akachukua futi, chaki na mkasi ule ule, akapima, akachora mstari katikati, akalikata topa vipande viwili kwa urefu. Nusu ikabaki upande wake. Upande wa mume ukabaki na sponji ngumu tupu, akalala kifudifudi kama mbao na kuamka anaimba. Kitanda kikawa na ngazi. Fundi aliuaga kila usiku ule upande wa juu: "Haya, mwenye ghorofa, lala salama."

Nusu iliyobaki akampelekea Wifi, kwa upole wote, aitandike kwenye kochi. Wifi aliipokea. Mama Pasi alipochungulia siku mbili baadaye, nusu topa ilikuwa juu ya kochi imevishwa mfuko mpya wa nailoni, umefungwa kwa gundi ya karatasi. Kuna watu, Mungu awarehemu, ambao hata ukiwavua wewe watajifunga wenyewe.

Mwezi ukaisha siku ya Ijumaa. Bosi alikuja mezani na gauni la harusi mkononi na kitabu cha tiketi kwapani. Huku jaribio, huku hukumu, amevileta vyote pamoja ili asitembee mara mbili. Gauni lilikuwa na marinda mia moja na zaidi, kitambaa cha kukasirika ukikigusa vibaya. Wapiga pasi wengine wakapunguza kazi, wanasikiliza kwa mgongo.

Mama Pasi alikunja mikono ya blauzi. Akashika pasi kwa kulia. Chwii. Rinda la kwanza, la pili, la kumi, mkono unakwenda na kurudi, vidole vinajua kila kitu vilichokijua zamani. Bosi alisimama mpaka rinda la hamsini, akachoka, akaenda kuketi, akarudi. Gauni lilining'inia dirishani, limenyooka, mwanga unapita ndani yake.

Akalizunguka akitafuta kosa kwa bidii. Hakulipata.

"Vizuri," alisema mwisho. "Vizuri sana, wewe mama… Hivi jina lako nani vile?"

Wenzake wakainama kwenye meza zao. Mama Pasi akaiweka pasi kwenye kisimamio chake, akaondoa uzi mmoja mweupe begani mwake, bega la kulia.

"Nina kipande cha godoro nyumbani," alisema kwa sauti yake ya upole, "kimenijua kwa siku kumi tu. Nikirudi nitakiuliza, nitakuletea jibu Jumatatu."

Kisha akakichukua kitabu cha tiketi kutoka kwapani kwa Bosi, taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kitu cha hatari mkononi, akakiweka kwenye kile kiti cha plastiki pale mbele, na akarudi mezani kwake. Kulikuwa na majoho ya kwaya yanamsubiri.